Nyumba ya Duara na Haya Isiyo na Sababu

Jina la Mabatini, katika mji wa Mwanza, halihitaji mfasiri. Mahali hupewa jina la kitu kilichopo pale na ambacho ni nadra kwingine. Hakuna aliyepata kuuita mtaa wake Hewani, kwa kuwa hewa imo kila mahali. Basi jina hilo peke yake ni ushahidi wa kutosha kwamba palikuwa na wakati ambapo bati juu ya nyumba lilikuwa jambo la kuonyeshwa kwa kidole, na mtu aliyeulizwa anakokaa aliweza kujibu kuwa anakaa penye mabati, akaeleweka bila ya maelezo zaidi. Leo jina limekwisha kazi yake. Mtu akipanda juu ya mojawapo ya majabali ya mji huo akatazama chini, haoni ila bati juu ya bati, jipya likimetameta na kuukuu likiwa na rangi ya kutu, mpaka macho yafikapo ziwani. Lililokuwa ajabu limekuwa desturi. Na lililokuwa desturi, yaani nyumba ya duara ya Msukuma, msonge wenye paa la nyasi lililochongoka kama pia, ndilo lililogeuka kuwa ajabu. Wala si ajabu ya kusifiwa. Ni ajabu ya kuonewa haya.

Haya hiyo ndiyo inayostahili kupingwa, maana imejengwa juu ya fikira zisizopimwa. Husemwa kwamba nyumba ya duara ni nyumba ya mtu asiyejua kupiga pembe. Kwamba mstatili ni maendeleo na duara ni ujinga. Kwamba mtu akipata fedha kidogo jambo la kwanza impasalo ni kuitoka nyumba ya baba yake kama atokavyo mtu katika ugonjwa. Maneno haya husemwa na watu wazima wenye elimu, hata na baadhi ya wale ambao kazi yao ni kuchora ramani za nyumba, na kwa kuwa yanasemwa kwa utulivu hudhaniwa kuwa ni ya kweli. Mtoto wa shule akiambiwa achore nyumba huchora boksi, hulipiga paa la pande mbili, kisha huweka mlango katikati na dirisha kila upande, hata ikiwa bibi yake mwenyewe alizaliwa, akaolewa na kuzaa katika duara.

Na ianze hesabu, kwa kuwa hesabu haina kabila. Mtu mwenye miti, fito na udongo wa kutosha ukuta wenye urefu wa mita 20, akiujenga kwa mraba, atapata nyumba ya mita 5 kila upande, nayo nafasi ya ndani itakuwa mita za mraba 25. Akiujenga kwa mstatili wa mita 7 kwa 3, kama zilivyo nyumba nyingi za kupangisha, atapata 21. Akiuzungusha duara ukuta uo huo, bila kuongeza fito moja, atapata karibu mita za mraba 32. Hapana umbo jingine duniani liwezalo kuzidi hilo kwa ukuta huo. Aliyejenga duara kando ya Ziwa Nyanza hakukosa akili ya kupiga pembe. Alipima nguvu ya mabega yake na umbali wa msitu, akaona kuwa kila pembe ni hasara. Tena pembe ndiyo mahali ambapo ukuta wa udongo huanza kupasuka, na ndiyo ambayo upepo huikamata. Paa la pia halina upande wa kushikwa na upepo, na maji ya mvua hayapati juu yake mahali pa kutuama.

Yako na mengine yajulikanayo na kila aliyelala katika nyumba zote mbili. Nyasi nene huzuia jua la mchana na hulinda joto la usiku, ilhali bati tupu lisilo na dari huwa kama kikaango saa nane za mchana, na mvua kubwa ya masika ikinyesha juu yake mwalimu hana budi kunyamaza mbele ya darasa lake. Katika nyumba kubwa za duara palikuwa na ukuta wa pili ndani ya ule wa nje, ukifanya chumba cha kati na ushoroba wa kuzunguka, nao ushoroba huo ulikuwa na kazi zake: ndama wadogo, jiwe la kusagia, kuni zilizokauka. Aliyeingia hakutokea mara moja kitandani kwa mwenye nyumba. Ustaarabu wa sebule na faragha, ambao hudhaniwa kuwa uliletwa pamoja na saruji, ulikuwamo.

Kweli haikamiliki bila ya upande wake wa pili. Nyasi hushika moto. Kila baada ya miaka michache hudai kuezekwa upya. Na nyasi ndefu zifaazo kuezekea zimekuwa adimu kadiri malisho na mashamba yalivyobanana. Moshi wa jiko lililo ndani ulilinda paa dhidi ya wadudu, lakini haukuyalinda mapafu ya mama aliyepika. Sakafu na kuta za udongo zilificha papasi, na homa ya papasi ni ugonjwa ulioijua vizuri nchi ya Wasukuma. Bati, kwa upande wake, hukinga maji safi: paa la mita za mraba 50 hutoa lita 50 za maji kwa kila milimita moja ya mvua, na kwa mwanamke aliyekuwa akipanda mlima na ndoo kichwani hilo si jambo dogo. Aliyelipenda bati hakuwa mpumbavu.

Lakini yote hayo ni lawama juu ya vifaa. Hapana hata moja iliyo lawama juu ya umbo. Nyasi si duara, wala duara si nyasi. Moshi haukuletwa na mviringo, na papasi hajali kama ukuta umenyooka au umepinda. Hapa ndipo hoja nzima ya wenye kudharau inapovunjika, maana wamechukua makosa ya udongo wakayatwika kwenye mchoro. Nyumba ya duara yaweza kuwa na sakafu ya saruji, madirisha, dohani na paa la vigae au la bati lenyewe. Ni kweli kwamba bati huja limenyooka na kulikata kwa duara huleta upotevu. Lakini hiyo ni habari ya kiwanda. Bati la migongo lilibuniwa mjini London mwaka 1829 na mhandisi Henry Robinson Palmer, aliyekuwa akitumikia bandari ya huko, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kufunika maghala. Kitu kilichobuniwa kwa ajili ya mizigo kimekuwa kipimo cha utu wa watu, na aliyekosa kuwa nacho huhesabiwa kuwa amechelewa.

Haya ina historia yake, na yafaa isimuliwe, kwa kuwa mtu haoni haya ya nyumba yake mpaka afundishwe. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, na baadaye Waingereza wakaiendeleza kwa sheria yao ya mwaka 1922, kodi ya nyumba pamoja na ya kichwa. Katika mji wa Msukuma mwenye wake wawili au watatu kila mke alikuwa na nyumba yake, na kila nyumba ilihesabiwa. Tangu siku hiyo idadi ya mapaa ya pia ikawa ni idadi ya deni. Watu wa nchi nyingi walijibana katika nyumba chache ili wapunguze mzigo, na hapana shaka kwamba nyumba iliyolipiwa kodi kwa jasho haikupendwa kama ilivyopendwa nyumba iliyokuwa fahari.

Kisha ikaja pamba. Wakulima wa kando ya ziwa walipokwisha kuunganisha vyama vyao vya ushirika, na Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria lilipoanza kazi mwaka 1955 likiongozwa na Paul Bomani, mkulima aliona fedha ya mavuno yake ikipita mikononi mwake badala ya kubaki katika mizani ya mchuuzi. Wengi waliitumia fedha hiyo kununua bati. Ni haki kusema kwamba bati la miaka ile lilikuwa bendera ya ushindi, na aliyeliweka juu ya nyumba yake alikuwa akiwatangazia majirani kwamba mizani imekoma kumdanganya. Kosa halikuwa kulinunua. Kosa lilikuwa katika tafsiri iliyofuata, kwamba kila asiye nalo ameshindwa.

Pigo kubwa kuliko yote lilitoka mahali ambapo halikutazamiwa. Mwezi wa Novemba 1973 Rais Nyerere alitangaza kuwa kufikia mwisho wa mwaka 1976 kila mtu wa vijijini awe anakaa katika kijiji, na mkoani Mwanza operesheni ilifanywa mwaka 1974. Nia ilikuwa njema: shule, zahanati na maji kwa watu waliotawanyika. Lakini mji wa Kisukuma ulikuwa kitu kizima. Ulikuwa na ua wa minyaa ulioota na kushikana, zizi la ng'ombe, nyumba kadhaa za duara zikitazamana, maghala, kivuli cha mti wa wazee. Duara kubwa lilibeba madara madogo. Watu waliamriwa wakajenge kwa mstari kando ya barabara, kiwanja baada ya kiwanja, na katika mstari wa barabara nyumba ya duara haina uso wala mgongo. Huonekana kama mzee aliyepangwa katika gwaride. Miji mingi iliachwa, na mahali pengine ilibomolewa ili wenyewe wasirudi. Serikali iliyosifu ujamaa wa Mwafrika ilivunja ramani ya ujamaa huo kwa rula. Hilo lilipasa kusemwa wakati ule na wachoraji na wasomi, nao wengi walinyamaza.

Ajabu ni kwamba taifa hilohilo hutamka kila siku neno lililotoka katika nyumba hizo. Ikulu, jina la makao ya Rais, ni neno la Wasukuma na Wanyamwezi kwa makao ya mtemi. Na makao hayo yalikuwa nyumba za duara ndani ya ua wa miti. Neno liliingizwa katika jumba jeupe la Dar es Salaam likakaribishwa kwa heshima zote. Umbo lililolizaa neno likaachwa nje ya lango.

Mtu atokaye Mabatini akaishika barabara ya Musoma, akaipita Buzuruga, Nyakato na Igoma, hufika Kisesa kabla ya kumaliza kilomita 20. Na hapo kando, juu ya kilima chenye mawe, ipo Bujora. Huko ndiko wadharau msonge wangepasa kwenda kwanza kabla ya kunena. Katika miaka ya 1950 Padre David Clement, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika, ambaye wenyeji walimpa jina la Fumbuka, alianza huko kazi ya parokia. Na pamoja na Wasukuma waliokuwa na ujuzi wa ngoma, nyimbo na mila zao, akakusanya vitu na habari za kale. Makumbusho yalifunguliwa mwaka 1968. Kanisa la Bujora ni la duara, kwa mfano wa nyumba ya Kisukuma. Altare yake imechukua sura ya kiti cha mtemi, na tabernakulo sura ya nyumba ndogo ya msonge. Lakini jengo lishangazalo kuliko yote ni lile lililotengwa kwa ajili ya watemi na ngoma zao. Hilo limejengwa kwa umbo la kiti chenyewe cha enzi. Ni kiti kilichokuzwa mpaka kikawa nyumba.

Wageni hulipiga picha na kucheka kwa furaha, kama wachekavyo mbele ya duka lenye umbo la kiatu. Hapo ndipo ilipo dharau ya namna ya pili, nayo ni hatari kuliko ile ya kwanza kwa kuwa huja ikitabasamu. Jengo lile si kichekesho. Katika nchi za Wasukuma na Wanyamwezi kiti cha mtemi hakikuwa samani ya kupumzikia. Kukalishwa juu yake ndiko kulikomfanya mtu kuwa mtemi, na kuondolewa juu yake ndiko kulikomrudisha kuwa mtu. Kiti kimoja cha enzi cha Kinyamwezi, ambacho mgongo wake umechongwa umbo la mtu, kimo katika makumbusho ya Berlin tangu enzi za Wajerumani, na huko hutajwa miongoni mwa kazi bora za uchongaji wa Afrika Mashariki. Aliyebuni jengo la Bujora alikichukua kitu kidogo chenye maana kubwa akaipa ile maana ukubwa uonekanao. Na tarehe ni sehemu ya maana hiyo. Utemi ulifutwa na serikali ya Tanganyika huru mwaka 1963. Makumbusho yalipofunguliwa, viti vilikuwa vimekaa vitupu kwa miaka mitano, na ngoma zilikuwa zimekosa mtu wa kupigiwa. Nyumba yenye umbo la kiti ilisimamishwa katika nchi ambayo hakuna tena aliyeruhusiwa kukikalia. Kama hiyo si fikira ya ujenzi, basi neno fikira halina maana.

Wapo wanaosema kwamba Bujora ni ndoto ya Mzungu, na kwamba Msukuma mwenyewe hakupata kujenga nyumba ya umbo la kiti. Sehemu ya pili ya maneno hayo ni kweli. Ni kweli pia kwamba kukifanya kiti cha mtemi kuwa altare ni tendo la kutwaa, na mwenye kulitazama ana haki ya kuuliza ni nani aliyetoa idhini. Lakini wasemao hivyo huwasahau waliokuwako: vyama vya ngoma vya Bagalu na Bagika, ambavyo asili yake ni waganga wawili mashuhuri, Gumha na Ngika, wa karne ya kumi na tisa, hao hushindana kila mwaka mwezi wa Juni katika sikukuu ya Bulabo, mbele ya umati uliozunguka uwanja kwa duara pasipo kuamriwa na mtu. Watu wasiojiona katika mahali hawaendi kushindana hapo kizazi baada ya kizazi. Na kama aibu ipo, ni hii, kwamba ilimbidi mtu atoke Kanada kuja kuiona nyumba ya duara kuwa inastahili kujengewa kanisa, wakati waliozaliwa ndani yake walikuwa wakikimbilia pembe nne.

Msomaji asidhani kwamba kisa hiki ni cha Usukuma tu. Upande wa pili wa ziwa hilohilo, mlimani Kasubi, Kampala, ipo nyumba ya duara yenye upana wa mita zipatazo 31, Muzibu-Azaala-Mpanga, iliyojengwa na Kabaka Mutesa wa Kwanza mwaka 1882 na kugeuzwa kaburi lake mwaka 1884. Makabaka wanne wamelala humo. Ndani ya paa lake zimo pete 52, kwa idadi ya koo za Waganda. Mwaka 1938 nguzo za saruji na chuma ziliingizwa humo, wala nyumba haikukoma kuwa yenyewe; na hilo ni jibu kwa wale wanaodhani kwamba duara na saruji ni maadui. UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 iliteketea kwa moto.

Wadharau nyasi wataufurahia moto huo kama ushahidi wao. Na waulizwe yaliyofuata. Nyumba imejengwa upya, na mwaka 2023 ikaondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Iliwezekana kwa sababu Waganda hawakuwa wameuzika ujuzi pamoja na makabaka: kazi ya kuezeka ni ya ukoo wa Ngeye na kazi ya mapambo ni ya ukoo wa Ngo, na koo hizo zilikuwa na watu waliojua jina la kila fungu la nyasi na mahali pake. Moto uliteketeza kitu. Wenye kujua kitu walikuwa hai. Swali la Mwanza ndilo hilo. Zamani nyumba ya Kisukuma iliinuliwa na basumba, vijana wa kijiji, chini ya kiongozi wao nsumba ntale, na mwenye nyumba alilipa kwa chakula. Kila kijana alijifunza kupaua kabla ya kuoa. Leo kijana wa Kisesa au wa Magu ajuaye kukata bati ni rahisi kumpata katika kila soko, na yule awezaye kusimamisha paa la pia bila msumari ni wa kutafutwa kwa majina, kisha huambiwa kwamba ni mzee na macho yake hayaoni. Siku nyasi za Bujora au za mji wowote wa kale zitakapoanguka, ataitwa nani?

Juu ya mahoteli yajengayo vibanda vya duara kando ya maji, yakavitia vitanda vya chandarua na kuwatoza wageni kwa dola, hakuna haja ya kusema mengi. Yamethibitisha bila kukusudia kwamba umbo lina thamani. Tena yamethibitisha kwamba mwenye umbo hulilipia mara mbili, kwanza kwa kulionea haya na mara ya pili kwa kulinunua limerudi kwake likiwa anasa.

Yanayotakiwa hayana gharama kubwa. Makumbusho ya Kijiji jijini Dar es Salaam yameonyesha tangu miaka ya 1960 kuwa nyumba za makabila zaweza kusimamishwa na kutazamwa kwa heshima. Lakini nyumba iliyosimamishwa ili itazamwe haifundishi kujenga kama ile iliyosimamishwa ili ikaliwe. Wanafunzi wa ujenzi wa Chuo Kikuu Ardhi hupimishwa majumba ya Wajerumani na misikiti ya pwani, na ni vema; na wapimishwe pia msonge, ukuta kwa ukuta, boriti kwa boriti, na majina ya Kisukuma ya kila kiungo yaandikwe kando ya kipimo chake. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kipo Malimbe, mwendo mfupi kutoka Mabatini, na wanafunzi wake wengi wana bibi na babu Magu, Kwimba na Misungwi. Halmashauri zitoazo vibali vya kujenga zikubali mchoro wa duara bila ya kumtaka mwenye kiwanja aueleze kana kwamba ameomba kujenga pango. Shule ijayo itakayojengwa wilayani humo, walau darasa moja la watoto wadogo, ijengwe duara, kwa matofali na kwa dari, ili hesabu ya mita 20 ifundishwe ndani ya jibu lake. Na wazee wanaojua kupaua walipwe ujira wa mwalimu wakati wa kuifundisha kazi hiyo, kuanzia mwaka huu, maana wengi wao hawatafika mwaka wa kumi kuanzia leo.